Uzi wa Kutumwa

Kijiko kiligonga ukingo wa kikombe, ting, ting, ting, na nje bado giza. Alikuwa Mama Mkubwa anakoroga chai. Daktari alimkataza sukari, huu sasa mwaka wa tatu, na mle ndani hamkuwa na sukari hata chembe. Lakini kila alfajiri alikoroga kikombe chake taratibu, kwa makini, kama mtu aliyetia vijiko vinne. Binti wa mdogo wake, aliyeishi naye katika vyumba viwili vya ghorofa ya tatu, alilala kimya akiusikiliza mlio ule mpaka ukaisha, ndipo akaamka. Hakuwahi kumuuliza. Aliona ni aibu ndogo ya mtu mzima, akamsitiri.

Binti huyo alikuwa na miaka thelathini na nne, na kazi yake ilikuwa kuuza nyuzi na vifungo. Duka lilikuwa jembamba kama behewa la treni, rafu mpaka darini, riboni zinaning'inia, na asubuhi ile shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, kwa hiyo wanawake walijaa mpaka mlangoni. Huyu anataka vifungo vya shati, yule zipu ya sketi, mwingine ameleta sweta lenye tundu anataka uzi wa rangi ile ile na si nyingine.

Katikati ya vichwa vile kilitokea kichwa kimoja juu ya vyote. Kilikuwa cha mwanamume mrefu, amevaa ovaroli la bluu lililorukiwa na rangi nyeupe, viwiko vimekaukiwa na chokaa, na riboni nyekundu imemkalia sikioni bila yeye kujua.

"Dada, naomba uzi wa kufumia, namba ishirini. Mweupe madonge matatu, na bluu ya mbingu moja."

"Ondoa kwanza riboni yangu sikioni, kaka. Hiyo inauzwa."

Wanawake wakacheka. Akaitoa polepole, akairudisha mahali pake, akainyoosha na ncha.

"Nimetumwa na dada yangu," akasema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Akampa madonge. Yule bwana akavuta ncha ya mojawapo, akaisugua kati ya vidole viwili, akatikisa kichwa. "Hili linachambuka. Nipe la nyuma yake." Kisha akachukua sindano ya kufumia kwenye kopo, ile yenye ndoano mbele, akaipima uzito kiganjani, akaichungulia ndoano kwa jicho moja.

"Makubwa haya," akasema muuza vifungo, kwa sauti ya kuwafurahisha wateja. "Usije ukawa wewe ndiye mfumaji. Maana mwanamume akikaa kufuma vitambaa vya makochi, mimi mwenzenu ningemkimbia bila viatu."

Duka zima likacheka. Yule mrefu naye akacheka, akacheka hata baada ya wengine kunyamaza. Akarudisha sindano kwenye kopo.

"Asante, Bi Vifungo," akasema, akatoka ameinama.

Wiki iliyofuata alirudi. Dada yake alikuwa ameishiwa na uzi mweupe. Wiki ya tatu dada akataka wa bluu. Wiki ya nne hakuja kwa uzi.

"Leo dada yako hataki kitu?"

"Dada hajambo. Leo nimejituma mwenyewe."

"Unataka nini basi?"

"Namba ya simu. Ila kama inauzwa kwa donge, nipe moja tu."

Kazi yake ilikuwa kupaka rangi majengo, na wenzake saiti walimwita Ngazi kwa ajili ya ule urefu. Alipiga simu kila siku saa saba, wakati wa chakula, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, na nyuma yake zikisikika nyundo.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Nimekula rangi kidogo, upepo ulinigeukia."

"Mchezo huo. Utakuja kukohoa ukuta."

"Nikikohoa ukuta utauhamia?"

"Inategemea umepakwa rangi gani."

Bi Vifungo alikuwa amekwisha kukata tamaa na mambo hayo. Wanaume wawili walikuwa wamemwahidi ndoa na wote wawili walioa kwingine, na mmoja alikuja kununua vifungo vya suti ya harusi katika duka lile lile. Sasa alianza kuvaa tena gauni lake la kijani lenye mkanda, na kusimama mbele ya kioo muda mrefu mpaka Mama Mkubwa akasema, "Kioo hicho kitachoka, mwanangu. Kipumzishe."

Jioni walikaa kwenye benchi la kituo cha basi lisilotumika tena. Ngazi hakuwa na maneno mengi uso kwa uso, lakini alikuwa na wema wa mikono. Alimwona anataka kukaa, akafuta vumbi kabla hajakaa. Aliona kamba ya pochi yake imekatika, akaichukua, kesho yake akamrudishia imesukwa upya, mafundo madogo yaliyokaza kama punje. Mikono ile haikutulia. Akikosa cha kushika aliokota uzi wowote, hata wa gunia, akauzungusha kidoleni.

"Mbona mikono yako haipumziki?" akamuuliza siku moja.

"Ikipumzika, kichwa kinaanza kelele."

Ndipo akamweleza, mara moja tu, kwa maneno machache. Alikuwa na mwenzake wa kazi waliyemwita Rula, kwa sababu alipiga mstari ulionyooka bila kupima. Walipaka pamoja miaka tisa. Siku moja kwenye ghorofa ya tano bomba la jukwaa walilosimamia liliachia. Ngazi alikuwa anamwambia jambo la kuchekesha, akageuka kumwona kama anacheka, hakumwona. Tangu hapo hapandi zaidi ya ghorofa ya pili.

"Pole, kipenzi."

"Nimeshapoa," akasema, na uzi ulikuwa umezunguka kidole mpaka kidole kimekuwa cheupe.

Kulikuwa na jambo moja tu. Jumamosi saa tisa alasiri Ngazi hakupatikana. Aliondoka na mfuko wa kitambaa begani, simu imezimwa, akarudi saa kumi na mbili na uso uliotulia kama mtu aliyeoga. "Nina kazi ndogo," alisema. Bi Vifungo hakumchimba. Alijisemea asiharibu.

Mwezi wa tano Ngazi akamwalika kwake amfahamu dada yake, mpishi wa shule ya bweni, mwanamke mnene wa vicheko aliyempokea kwa mikono miwili. "Wifi yangu huyo. Karibu, mama, karibu. Nilidhani kaka ananidanganya kwamba kuna mtu."

Chumba kilikuwa kimoja, safi, kuta zimepakwa na fundi kweli. Na kila kitu ndani kilikuwa kimevikwa. Viti viwili vilikuwa na vitambaa vyeupe mgongoni na mikononi, vyenye ukingo wa bluu ya mbingu. Meza ilikuwa na chake, redio ina chake, jagi la maji lina kifuniko kilichoning'inizwa shanga. Bi Vifungo alikuwa ameuza uzi miaka kumi na moja na hajaona kazi kama ile, matundu yote sawa, yamekaza, hakuna hata fundo moja linaloonekana.

"Dada," akasema kwa furaha, "nakuvulia kofia. Ule uzi wangu umeufanyia kazi."

Dada akamtazama, kisha akaangua kicheko mpaka akashika ubavu. "Nani, mimi? Wifi, mimi hata kifungo nashonewa na jirani. Sindano na mimi ni paka na panya."

Kicheko kikaisha peke yake. Ngazi alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Dada akakumbuka sufuria jikoni, jiko la pamoja huko uani, akatoka haraka.

"Nani amefuma hivi?"

"Mtu tu."

"Mtu gani?"

Akafungua mdomo. Bi Vifungo aliona kabisa jinsi neno lilivyokuja mpaka kwenye meno, likarudi.

"Sio unavyodhani, kipenzi."

"Mimi sijasema ninavyodhani. Nimekuuzia uzi kwa mikono yangu, mwezi hadi mwezi, umpelekee mwanamke akufumie vitambaa vya viti vyako, nikae mimi. Ni huyo wa Jumamosi?"

Ngazi akashika mgongo wa kiti. Jumamosi kulikuwa na mwanamke kweli, na hakujua kusema uongo wa pili.

"Basi chagua," akasema Bi Vifungo. Sauti yake ilikuwa ndogo. Aliwakumbuka wale wawili na vifungo vya ile suti. "Vitambaa hivi au mimi."

"Nikivitoa, utakaa?"

"Vitoe. Na Jumamosi zako ziishe."

Akavitoa. Alivikunja kimoja kimoja, pembe kwa pembe, akaviweka ndani ya mfuko wa saruji. Akaenda kwenye droo, akatoa kitu kidogo, chembamba kama kalamu, kilichofungwa kwenye karatasi, akakitia mle mle bila kukionyesha. Asubuhi gari la taka likapita. Bi Vifungo alipoambiwa kwa simu alilia kwa raha, akamwambia Mama Mkubwa kwamba huyu kweli anampenda. Mama Mkubwa akakoroga chai yake. Akasema tu, "Na alipovikunja, alikuwa na uso gani?"

Walipanga ndoa mwezi wa nane.

Mwezi wa sita simu za saa saba zilianza kuwa fupi.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Sikumbuki, kipenzi."

Jumamosi sasa walikuwa pamoja, wamekaa katika kile chumba ambacho viti vyake vilikuwa uchi. Alimpikia. Alimnunulia vitamini. Alimwambia aangalie mpira kama wanaume wenzake, na Ngazi aliangalia mpira dakika tisini na hakujua nani kafunga. Hakuwa na uzi tena kidoleni, kwa hiyo alikuwa anajichubua ngozi pembeni ya kucha, na kila alipomshika mkono kumzuia aliusikia unatetemeka ndani kwa ndani, kama friji inayojiwasha. Usingizi ulimkimbia. Alipaka ukuta mmoja wa ofisi mara mbili kwa siku moja, akashangaa kwa nini umekauka haraka.

"Nifanye nini, mpenzi wangu? Niambie."

"Hakuna, Bi Vifungo. Nitazoea."

"Utazoea nini?"

Akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Hata hapo angeweza kumwambia. Lakini alishajua kitakachotokea. Alishasikia duka zima likicheka.

Wiki ya pili ya mwezi wa saba hakupiga, wala hakupokea. Siku ya tatu akapiga dada yake, na safari hii hakuwa na kicheko hata kidogo.

"Wifi, kaka yangu walimkuta jana ameshika bomba la jukwaa. Ghorofa ya kwanza tu, mtu angeweza kuruka. Hakutaka kuliachia. Wamembembeleza saa mbili nzima, mpaka wakafungua bomba lenyewe na kushuka nalo. Tumempeleka hospitali, wadi ya wagonjwa wa akili. Hazungumzi."

Daktari alisema ni ugonjwa wa muda mrefu, umekuwa ukimnyemelea tangu ajali. Alisema wapo wanaorudi kama walivyokuwa na wapo wasiorudi, na kwa huyu asingependa kuahidi. Wiki mbili za mwanzo waliruhusiwa ndugu tu. Bi Vifungo hakuwa ndugu bado. Alirudi dukani, akauza zipu.

Ilikuwa siku kama hiyo, mvua imewafukuza wateja, alipoingia bibi mmoja mdogo wa mwili, ana khanga juu ya kichwa na mkononi ameshika karatasi inayovalishwa donge la uzi, yenye muhuri wa duka.

"Mwanangu, ndipo hapa?"

"Ndipo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Nataka uzi namba ishirini, mweupe. Nilikuwa naletewa na kijana wangu mmoja, mrefu hivi, kila Jumamosi. Sasa hajaja muda mrefu. Nikasema nisimlaumu, ana mchumba, nijikokote mwenyewe."

Bi Vifungo alishika kaunta.

"Anakuja kwako kufanya nini, bibi?"

"Kufuma." Yule mama akafungua mfuko wake, akatoa kitambaa kikubwa cha meza, kimefumwa robo tatu. "Tulikuwa tunafuma hiki pamoja, cha harusi yake akija kuoa. Mimi naanzia huku, yeye kule. Ona, upande wangu umelegea, macho yangu yameisha. Wake umekaza. Siku zote anakaza uzi kama anaogopa utamponyoka."

Matundu yote sawa. Hakuna fundo linaloonekana. Bi Vifungo akapitisha kidole juu yake na akakumbuka kamba ya pochi.

"Yeye ndiye aliyefuma?"

"Nani mwingine? Nilimfundisha mimi. Alifanya kazi na mwanangu, marehemu. Alipokuja kunipa pole, mikono inamtetemeka mpaka chai ikamwagika yote mapajani. Mimi ndiye niliyefiwa, na yeye ndiye anayetetemeka. Nikamwonea huruma. Nikampa uzi na sindano, nikamwambia, hesabu tu mwanangu, moja, mbili, tatu, tundu. Moja, mbili, tatu, tundu. Jioni ile alitulia. Akaniambia, Mama, huko kwenye hesabu hakuna kelele." Akakikunja kitambaa. "Ni kitu cha kuchezea tu, najua. Lakini kilimshika."

"Kwa nini hakuniambia?" Alisikia sauti yake imetoka kabla hajaamua.

Yule mama akamtazama. Akaitazama rafu, kopo la sindano, riboni zinazoning'inia. Alielewa, na hakumnyooshea kidole. Alizunguka kaunta polepole, akavuta kigoda, akamkalisha.

"Nilimwambia akuambie. Akasema, Mama, aliwahi kusema angemkimbia mtu wa hivyo. Nikamwambia alikutania. Akasema najua, lakini sijui alikuwa anatania kiasi gani."

Mvua ilipiga bati, na Bi Vifungo akamweleza habari za hospitali. Mteja mmoja akachungulia, akawaona, akaenda zake.

Usiku ule Bi Vifungo hakulala, na alfajiri kijiko kilipoanza, ting, ting, alitoka akakaa mezani kwa mara ya kwanza.

"Mama Mkubwa, mbona unakoroga chai isiyo na sukari?"

Mama Mkubwa hakuona haya kama alivyodhani. "Nikiacha kukoroga nitakumbuka kwamba haina," akasema. "Nikikoroga, inapita." Akamsogezea kikombe na kijiko kingine.

Walimruhusu kuingia wadini siku ya Alhamisi. Alikuwa na gauni la kijani, na mfukoni donge jeupe na sindano ya kufumia, na mlangoni muuguzi akavitoa vyote viwili.

"Chuma hakiingii. Uzi mrefu hauingii. Samahani, dada."

"Hata dakika tano? Nitakaa naye mimi mwenyewe."

Muuguzi alikuwa mtu mzima, amechoka, na alikuwa na miwani iliyofungwa kwa plasta. Alitazama saa. Akakata uzi urefu wa mkono mmoja, akampa huo tu, na sindano akaibakiza. "Afumie vidole," akasema. "Mimi nitakaa pale."

Ngazi alikuwa kwenye benchi la varanda, amevaa shati la hospitali lililoishia juu ya viganja. Amenenepa usoni kwa dawa. Urefu wote ule ulikuwa umekunjwa. Alimtazama na ikachukua muda, kama mtu anayesoma kibao cha mbali.

"Umekula?" akauliza.

"Nimekula, kipenzi." Alikaa. Benchi lilikuwa na vumbi na hakuna aliyelifuta. "Mama Rula alikuja dukani. Ameniambia."

Ngazi akavuta mikono ya shati, haikufika.

"Mimi ndiye niliyesema yale maneno. Niliwachekesha watu kwa mgongo wako. Halafu nikakufanya uvitupe. Nisamehe."

"Ulikuwa hujui."

"Sikuuliza."

"Sikusema." Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomuumiza. Angekuwa na hasira, pangekuwa na mtu ndani wa kugombana naye.

Akamwekea uzi kiganjani. Ngazi akautazama. Vidole vikaanza, vyenyewe, kitanzi cha kwanza, cha pili. Vilitetemeka kwa dawa, cha tatu kikateleza. Akaanza upya. Midomo ikasogea, moja, mbili. Akafika saba, mnyororo mdogo wa urefu wa kidole, umelegea, matundu yamepishana. Akauvuta ncha kuukaza na wote ukafumuka, ukabaki uzi mtupu.

"Umetoka," akasema.

"Utarudi."

"Daktari hasemi hivyo."

"Nitakungoja."

"Usiningoje, Bi Vifungo. Umengojea wengi." Alimkazia macho, na kwa nukta chache alikuwa ni yeye, yule wa riboni sikioni. "Ndoa ya mwezi wa nane iache. Usiwadanganye watu kwa ajili yangu."

Bi Vifungo alisogea karibu. Akamshika mkono, ule mkono ukatulia kidogo ndani ya wake, kisha ukaanza tena kutetemeka. Muuguzi akasimama, akajifanya anakunja shuka ambalo lilikuwa limeshakunjwa. Aliwapa dakika nyingine kumi.

Muda ulipoisha Ngazi alizungusha uzi kidoleni, akaubana ngumini usionekane. Muuguzi aliona, akageuza uso.

"Leo siku gani?"

"Alhamisi."

"Jumamosi saa tisa watu wanaruhusiwa." Alihesabu kitu kwa midomo, akakipoteza, akahesabu tena. "Mlete Mama, kama miguu yake inamruhusu. Na uzi mweupe. Wakikuuliza mlangoni umetumwa na nani, sema ni mimi. Sema ni wangu."

"Nitasema."

Alishafika mwisho wa varanda aliposikia benchi limelia, akageuka. Ngazi alikuwa amesimama wima, kichwa karibu kiguse taa, mkono mmoja umekunjwa ngumi.

"Bi Vifungo," akasema. "Utakuja tena lakini?"